Sura ya Saba: Chumvi ya Nyumba ya Kuazima

"Mbuzi ya kukunia nazi waiweka wapi, mwanangu?"

Kadii alifungua kabati la kwanza, akakuta vikombe vya chai. Akafungua la pili, akakuta mishumaa na magazeti ya zamani. Alikuwa amempa mgongo Shangazi Sidi, na mgongo huo uliyahisi macho ya mama yule kama jua la mchana.

"Ipo, shangazi. Ila jana... jana Gladys aliiazima."

"Gladys huyu aliyeketi hapo sebuleni?"

"Ndiye."

"Mh," akasema Shangazi Sidi. Akaipasua nazi kwa mgongo wa kisu, akaanza kuikwangua kwa kijiko, polepole, bila kulalamika. Kutolalamika kwake ndiko kulikomtia Kadii jasho.

Gladys ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alikuwa amejikunyata kwenye kochi lake mwenyewe kama mgeni, akitazama vidole vya miguu yake juu ya vigae alivyoviosha mwenyewe alfajiri. Alikubali kwa sababu walifundisha pamoja shule ya chekechea hapo Vipingo, na Kadii alimlilia. Mumewe alikuwa safarini. "Asubuhi moja tu, dada," Kadii alikuwa amemwambia. "Shangazi aje, aone, apike, aondoke."

Kwao Ganda, nje kidogo ya Malindi, mahari hayapokewi mpaka dada ya baba aende akaone mafiga ya binti. Huenda na unga wake na mboga zake mwenyewe, akapika kwa moto wa nyumba ile, na mwisho kabisa akapewa maji kwa mkono wa binti. Akishayanywa, neno limekwisha. Kaka yake hana tena la kupinga. Ndiyo maana Shangazi Sidi alishuka asubuhi ile na kikapu cha mboga ya mtsunga mchungu na mfuko wa unga wa mahindi aliosagisha kwa ajili ya siku hiyo tu. Hata leso aliyojifunga ilikuwa mpya, bado inanuka duka.

"Nyumba nzuri," akasema sasa, akizungusha macho jikoni. "Baba yako atalala usingizi. Wajua jinsi alivyokuwa akisema, huyu kijana wa Kikamba atamweka mwanangu wapi, atamweka wapi. Sasa nitamwambia: Baya kaka yangu, mwanao anakanyaga vigae mpaka mimi naogopa kuteleza."

Kadii alicheka kicheko kikavu.

Laiti Shangazi Sidi angejua kwamba mwendo mfupi kutoka pale, huko Kuruwitu, nyuma ya ua la makuti, kulikuwa na basi kuukuu la kijani lililowahi kubeba watoto wa shule, na kwamba hilo ndilo lililokuwa nyumba ya Kadii. Viti vilikuwa vimeng'olewa. Kulikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo la gesi, na mapazia ya maua aliyoyashona Kadii mwenyewe akiimba. Injini ilikuwa nzima, ila stata mbovu: likizimika, haliwaki tena mpaka watu wengi walisukume. Mwenda alikuwa fundi wa bodi za malori, na kazi yake ilimhamisha kutoka gereji moja hadi nyingine kandokando ya pwani. "Hatutapanga," walikubaliana wawili. "Tutakwenda na nyumba yetu." Kadii hakulazimishwa. Alichagua kwa moyo mweupe.

Kisha ikaja harusi ya binamu yake Nelly. Wanawake walikuwa wanachambua mchele, simu ikapita mkono kwa mkono ikiwa na picha ya familia ya Wazungu waliohamia ndani ya gari. Mmoja akasema, "Mzungu akilala garini ni mtalii. Mgiriama akilala garini ni mkimbizi!" Uwanja mzima ulilipuka. Kadii naye alicheka, tena kwa sauti. Walipomgeukia na kumuuliza, "Na wewe, Mwenda amekujengea?" ulimi wake ulijibu kabla yake: "Amejenga. Ya mawe. Vipingo."

Ndivyo uwongo ulivyozaliwa, na sasa ulikuwa umekua mpaka unapikiwa mboga.

"Hodi wenyewe!"

Kadii aliijua sauti ile kama mtu anavyoijua njia ya kwao gizani. Haikuwezekana. Alikuwa amemwambia Mwenda kwamba shangazi anaumwa mguu, kwamba ziara imesogezwa mpaka Jumamosi ijayo.

"Ka... karibu," Gladys akasema kule sebuleni, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba.

"Dada Gladys, sikai. Nimekuja na shida ndogo. Zile glasi zako zenye maua, naomba uniazime. Shangazi yake Kadii anakuja wiki ijayo, na sisi kule tuna vikombe vya bati tu. Maji ndiyo neno lenyewe, nimeambiwa. Sasa nitampaje mama wa watu maji kwa kikombe kilichobambuka? Nitaziosha, nitakurudishia moja moja, wallahi hata..."

Alikuwa amemwona Kadii kwenye mlango wa jikoni, na nyuma ya Kadii mama mmoja aliyeshika bakuli la nazi.

"Ni nani huyo?" Shangazi Sidi akauliza.

Ilibidi Kadii ajibu. "Ni Mwenda, shangazi."

"Ala! Na mwenye nyumba abisha hodi kwake?"

Mwenda alimtazama Kadii. Halikuwa jicho la hasira, hasira Kadii angeiweza. Lilikuwa jicho la mtu aliyepigwa kibao, anayemtazama aliyempiga kuona kama alikosea. Kadii aliinamisha uso.

"Shikamoo, shangazi," Mwenda akasema taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, baba, ingia kwako. Umenijengea mtoto vizuri, Mungu akuzidishie. Ila huyu mchumba wako leo kapotelewa na kila kitu. Hebu wewe nitolee chumvi, mboga inaningoja."

Mwenda aliitazama mikono yake. Ilikuwa na rangi ya buluu mpaka kwenye kucha. Kadii aliijua ile rangi. Aliichagua yeye, kwa ajili ya mlango wa basi.

"Chumvi yetu iko nyumbani, shangazi," akasema.

"Na hapa ni wapi?"

"Muulize Kadii. Mimi nimekuja kuazima glasi."

Akageuka, akatoka. Kadii alimfuata mbio, miguu mitupu, mpaka langoni.

"Mwenda, ngoja!"

"Uliniambia mguu unamuuma."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Si wewe. Ni lile... Wewe huwajui watu wa kwetu, Mwenda. Huwajui wanavyocheka."

"Dirisha la jikoni kwetu nani alilichora kwa chaki?"

"Mimi."

"Nani alisema liangalie baharini?"

"Mimi, Mwenda. Tafadhali."

"Mimi nimekulia vyumba vya kupanga pale Mariakani. Kila tukifukuzwa, mama alitanguliza mtungi wake, sisi tukabeba magodoro, na majirani wakitoka nje kutuangalia. Niliapa kwamba mke wangu hatatolewa nyumbani na mtu yeyote. Nilipokuuliza kama utaweza kuishi ndani ya basi, ulinijibu nini?"

Kadii alilia. "Nilisema nyumba ni watu."

"Sikujua ulimaanisha watu wasiotuona." Alipanda pikipiki yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole, na upole huo ulimkata Kadii kuliko matusi. "Lile ua la makuti. Ulisema ni la kuzuia upepo."

Akaondoka. Kadii alisimama langoni mpaka vumbi likatua, kisha akarudi ndani kwa hatua za mtu anayekwenda kujipeleka polisi. Jikoni, jiko lilikuwa limezimwa. Shangazi Sidi alikuwa anaifunga mboga yake mbichi kwenye kikapu. Gladys alikuwa ameshika ukuta.

"Nimeshamwambia," Gladys akanong'ona. "Aliniuliza hii nyumba ni ya nani. Sikuweza, Kadii. Ameniuliza akiwa amenishika mkono."

Kadii alipiga magoti juu ya vigae vile vya watu.

"Shangazi, nisamehe. Mimi na Mwenda tunakaa... nyumba yetu ni basi. Basi la shule. Tulilichagua wenyewe. Si kwamba tulikosa, shangazi. Tulilipenda."

"Mlilipenda, ukalificha."

"Niliona haya."

"Wajua ulichotaka kunifanya? Ningekunywa maji ya hapa, kisha niende nikamwapie kaka yangu juu ya mafiga ya mtu mwingine. Na umri wangu huu! Ungenifanya muongo mbele ya ukoo, Kadii, nami nacheka tu, nasifu vigae."

"Ni yale maneno ya harusini kwa Nelly. Kwamba Mzungu akilala garini ni mtalii..."

Mkono wa Shangazi Sidi ulisimama juu ya kikapu.

"...na Mgiriama ni mkimbizi," akamalizia mwenyewe.

"Ndiyo, shangazi."

"Ni nani aliyeyasema?"

Kadii hakuinua uso. "Ni wewe."

Shangazi Sidi alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaivuta leso yake mpya, akajifuta mdomo, ingawa haukuwa na kitu.

"Yalikuwa maneno ya ngoma," akasema hatimaye. "Mtu akichekesha watu hatazami ni nani aliyeketi pale anachomwa." "Ulicheka sana siku ile. Mimi nikasema, mtoto huyu ana furaha."

"Shangazi, twende ukaone kwangu."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Usiponiozesha, ni sawa. Lakini uone."

Walichukua tuktuk. Kadii alipiga simu ya Mwenda njia nzima, nayo haikupatikana. Dereva, ili kukwepa mashimo, alipita njia ya mkato, na Shangazi Sidi alikumbatia kikapu chake. Walipofika Kuruwitu, Kadii aliruka kabla chombo hakijasimama, akalikimbilia lile ua la makuti.

Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Palibaki mraba wa majani yaliyopauka, kopo la mrehani lililopinduka, na alama za magurudumu zilizovunja ua katikati. Mzee Dzombo, mwenye shamba, alikuwa ameketi juu ya gogo akijipepea kwa kofia.

"Mmepishana," akasema. "Amepita barabara kubwa, nanyi mmekuja ya mkato. Wanangu na vijana wa jirani ndio waliomsukumia. Nilimuuliza, baba, wahama bila mkeo? Akaniambia, namwondolea mzigo, mzee."

Kadii alijishika kichwa. Ule uchi aliouogopa siku zote, wa watu kumwona anaishi ndani ya gari, ulimjia sasa kwa namna nyingine: alikuwa amesimama penye nyumba yake, na nyumba imemkimbia.

"Unalia nini?" Shangazi Sidi akauliza kutoka ndani ya tuktuk. "Hizo alama huzioni? Basi halijifichi kama mtu. Panda!"

Walilikuta kwenye makutano na lami. Lilikuwa limeegeshwa pembeni, chini ya mwarobaini, injini ikinguruma, kama mtu aliyefika njiapanda akasahau aendako. Pale nyuma ya ua lilikuwa jambo la siri. Hapa lilikuwa wazi juani na kila kitu chake: mapazia yanapepea nje, sufuria zinaning'inia, gauni la Kadii la kulalia limetundikwa dirishani, na mlango wa buluu uliopakwa nusu. Vijana wa bodaboda walikuwa wamelizunguka wakila raha.

"Nyumba inahama na mapazia yake!"

"Dereva, chumba cha kupanga kipo?"

"Na hilo gauni ni la konda?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Aisee, mwenye nyumba hii ni nani?"

Uso wa Kadii ulikuwa unawaka. Kila jicho pale njiapanda lilikuwa juu ya lile gauni: mama wa mahamri, mwenye duka la simu, abiria wanaongojea gari. Miguu yake ilitaka kurudi ndani ya tuktuk. Aliiamuru iende mbele.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nani?"

"Mwenye nyumba. Hii ni nyumba yangu. Na gauni ni langu."

Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. Vijana walipisha njia, mmoja wao akijikuna kisogo. Kadii alipanda ngazi. Mwenda alikuwa kwenye usukani, mikono juu ya magoti, na hakugeuka.

"Naipeleka Mariakani, kwa mama," akasema akitazama kioo cha mbele. "Sikukimbii. Nilikuwa nakuondolea aibu. Pale palipobaki wazi tutajenga ya mawe, tukipata. Kama utangoja."

"Aibu yangu haimo ndani ya basi, Mwenda. Ninaitembeza mwenyewe. Nimeifikisha mpaka kwa Gladys. Ukiiondoa nyumba, mimi nitabaki nayo vilevile."

Vidole vyake vya buluu viliukamata usukani.

"Hodi," ikaita sauti kutoka chini ya ngazi.

Mwenda aliruka kutoka kitini. "Karibu, shangazi. Karibu... pametapakaa."

Shangazi Sidi aliingia akishika mlango, akapakwa rangi ya buluu kiganja kizima, akaiangalia. Alitazama kitanda, meza ya kukunja, na dirisha la jikoni ambalo kwa sasa liliangalia duka la simu badala ya bahari. Kisha akaweka kikapu chini.

"Naona ngazi, naona mlango. Mafiga yako wapi?"

"Hapa, shangazi." Kadii aliwasha jiko.

"Mbuzi?"

"Chini ya kitanda, upande wa miguuni."

Ilikuwepo. Shangazi Sidi aliitazama ile nazi yake iliyokwanguliwa kwa kijiko, akaguna, akaketi juu ya mbuzi na kuimalizia kama inavyopaswa. Ulipikwa wari, kama alivyouita ugali, na mtsunga wa nazi, ndani ya basi linalotetemeka, vifuniko vya sufuria vikigongana. Nje vicheko vilikuwa vimepungua. Watu wakisikia harufu ya nazi hawajui tena wacheke nini.

"Chumvi," akasema Shangazi Sidi bila kugeuka.

Kadii alikuwa anakoroga. Hakugeuka pia. Mkono wake wa kushoto ulipanda peke yake juu ya dirisha, ukapita nyuma ya pazia, ukashuka na kopo la kakao lenye chumvi. Alilitoa na kulikabidhi huku akiendelea kukoroga. Alipoinua macho, Mwenda alikuwa anautazama ule mkono.

Mboga iliiva. Shangazi Sidi alionja, akalamba kidole, akakaa kitandani na kuvuta pumzi.

"Sasa maji."

Kadii alichota kwenye mtungi. Kikombe kilikuwa cha bati, kimebambuka ukingoni. Alipiga goti na kumpa kwa mikono miwili, uso chini, akisikia masikio yake yakiungua kwa yote: vigae, uwongo wa mguu, kicheko chake cha harusini. Shangazi Sidi alikipokea, akakitazama. Hakunywa.

"Maji haya yanatetemeka."

"Ni injini, shangazi," Mwenda akasema.

"Izime."

"Nikizima, halitawaka tena. Halina stata. Litakaa hapahapa, mbele za watu, mpaka lisukumwe."

"Wa kusukuma wapo. Hao wanaocheka hapo nje, wakishiba wari wangu watasukuma. Mimi siulizi habari ya stata." Alikishika kikombe vizuri zaidi. "Nauliza nyumba hii yaenda au yakaa. Siwezi kunywa neno linalotetemeka."

Mwenda alisimama kando ya usukani. Kwa mara ya kwanza tangu pale langoni kwa Gladys, alimtazama Kadii usoni. Kadii alitaka kuinamisha kichwa, kwa kuwa bado alikuwa na haya, na haya yale hayangekwisha leo wala kesho. Hakuinamisha. Alimwacha amtazame na machozi yake na unga wake wa kidevuni, huku nyuso za watu zikiwa zimejaa madirishani.

Mwenda alinyoosha mkono, akageuza ufunguo.

Basi lilitikisika mara moja, likanyamaza. Vifuniko vya sufuria vikatulia. Ndani ya kikombe cha bati maji yalicheza kidogo, yakasimama, mpaka Kadii akauona uso wa shangazi yake umo ndani yake.

Shangazi Sidi alikiinua, akanywa mpaka chini.